Wimbo wa chuo: tunayoambiana kibarazani na yalivyo kweli

Dogo wangu yuko chuo mwaka wa pili, karudi likizo hapa Tanga na kazi mkononi, serikali ya wanafunzi imempa yeye na wenzake watatu watunge wimbo wa chuo uimbwe kwenye mahafali. Mi nafundisha kwaya sekondari, kwa hiyo akaniletea mimi kwanza, tukakaa siku tatu tukaweka maneno juu ya mahadhi ya zamani ya taarabu, halafu jioni tukaupeleka kibarazani Ngamiani kwa wazee wa kahawa tuwasikilizishe. Hapo ndo mjadala ulipoanza na haukuisha mpaka adhana ya Isha. Na yaliyosemwa pale si mageni, nimeyasikia kwa walimu wenzangu, nimeyaona kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanayasema kwa uhakika kabisa wakati mengi hayako hivyo. Nimeyafuatilia moja moja, naandika hapa kwa sababu najua dogo si peke yake, kuna vijana vyuo vingi wanapewa kazi hii na wanakatishwa tamaa kwa maneno ya hivi hivi.

Kubwa kuliko yote ni hili la wizi. Mzee mmoja ambaye namheshimu sana alisikiliza ubeti wa kwanza tu akaweka kikombe chini, akasema "Mwanangu, chuo kikuu kizima mnakwenda kuazima mahadhi ya watu? Wenzenu Marekani na Ulaya wanatunga ya kwao." Wengine wote wakaitikia ni kweli, ni kweli.

Sasa si kweli. Chukua Cornell, chuo kikubwa cha Marekani, kilifunguliwa 1868 (mwaka ule ule mapadri wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao Bagamoyo, nataja ili mtu apate picha ni zamani kiasi gani). Wimbo wao waliutunga wanafunzi wawili, Archibald Weeks na Wilmot Smith, mnamo 1870 hivi, na mahadhi waliyatoa kwenye wimbo wa mtaani uitwao Annie Lisle uliotungwa 1857, na huo wimbo ulikuwa unahusu nini? Msichana mgonjwa anayekaribia kufa. Yaani vijana wawili wamechukua wimbo wa majonzi ya msichana, wakatoa maneno, wakaweka ya chuo kilicho juu ya ziwa, basi ukashika. Na haukuishia hapo, mahadhi yale yale leo ni wimbo wa chuo cha North Carolina, Kansas, Indiana, Vanderbilt, Alabama, Missouri, na vingine vingi, kila mmoja na maneno yake na kila mmoja anasimama anaimba machozi yanamlengalenga kama vile ni wake peke yake. Chuo cha Harvard nao mahadhi yao ni ya wimbo wa mapenzi wa Kiairishi. Chuo cha Yale ndo kabisa, wimbo wao maneno aliandika mwanafunzi Henry Durand mwaka 1881 juu ya mahadhi ya Kijerumani, wimbo wa kizalendo wa kulinda mto Rhine, muziki wake ulitungwa na Carl Wilhelm 1854. Wajerumani hawa hawa waliokaa hapa Tanga mpaka 1916.

Nilimchezea yule mzee klipu ya Cornell kwenye simu. Yeye hakusema kitu, ila bibi mmoja jirani yetu, ambaye ujanani aliimba taarabu, alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza, akasema "huo haupandi juu sana, hata asiye na sauti anauweza." Mi nikashangaa kwa sababu hiyo ndo siri yenyewe, wimbo wa kuimbwa na watu elfu tano ambao wengi wao si waimbaji lazima uwe na mahadhi ambayo koo la kawaida linafika, na mahadhi ambayo tayari yanapendwa mtaani yameshajaribiwa na makoo mengi kabla yako. Kisha bibi akamgeukia mzee, akamwambia kwa upole kabisa, "Kaka yangu, sisi tukienda sinema za Kihindi tulikuwa tunarudi na mahadhi, kesho yake tunatia maneno yetu, nawe ulikuwa unakuja kututunza." Mzee akacheka, akanyamaza.

Na pwani hii hatukuanzia kwenye sinema. Kulikuwa na beni, neno lenyewe linatokana na bendi, kuanzia Lamu na Mombasa kushuka huku kwetu watu walichukua tarumbeta na gwaride la wazungu wakaweka maneno ya Kiswahili na mizaha na majigambo yao, makundi ya Marini na Arinoti yakawa yanashindana miji mizima. Hakuna aliyesema beni ni ya kuibwa. Kwa hiyo kijana wa Tanga akiazima mahadhi anafanya walichofanya bibi zake, na anafanya pia walichofanya hao wa Marekani tunaoambiwa tuwaige. Cha kuangalia ni kimoja tu, kama mwenye mahadhi yuko hai au haki zake bado zinalindwa, omba ruhusa na umtaje, kutaja chanzo ni adabu hata kama sheria haikubani.

Halafu kuna hili, eti wimbo wa chuo hutungwa siku chuo kinapofunguliwa, na hutungwa na mtaalamu wa muziki. Hapana. Harvard ilianzishwa 1636 na wimbo wao uliandikwa 1836, miaka 200 baadaye, na Samuel Gilman aliyesoma hapo zamani, kwa ajili ya sherehe ya hiyo miaka 200. Yale ilianza 1701, wimbo 1881, hesabu mwenyewe. Chuo kinaweza kukaa miaka na miaka bila wimbo halafu mtu mmoja anaandika kitu kwa ajili ya tukio moja, watu wanakipenda, wanaendelea nacho. Kwa hiyo chuo chetu kikikosa wimbo miaka yote hii hakijachelewa, na dogo kuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili si kasoro, Weeks, Smith na Durand niliowataja hapo juu walikuwa vijana wa rika lake.

Sasa nije kwenye lile lililonigusa zaidi. Pale kibarazani mtu alisema "kwanza wimbo wa shule ni kitu kidogo, unaimbwa mahafali unasahaulika." Nikamuuliza, Mungu ibariki Afrika ulitungwa kwa ajili gani? Akanijibu bila kusita, kwa ajili ya uhuru wetu 1961. Wengi wanaamini hivyo, hata walimu, nimewauliza.

Mungu ibariki Afrika ulianza kama wimbo wa wanafunzi. Mtunzi ni Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti kule Nancefield, Johannesburg, aliutunga 1897 ili waimbe wanafunzi wake. Mwalimu wa kwaya kama mimi tu, shule ya kawaida. 1899 ukaimbwa kwa mara ya kwanza mbele ya hadhara, mchungaji mmoja alikuwa anawekwa wakfu. Sontonga alifariki 1905 akiwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, hakujua kitakachotokea. Januari 1912 ukaimbwa kule Bloemfontein kwenye mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, 1923 mwandishi Sol Plaatje akaurekodi London, 1927 mshairi Mqhayi akaongeza beti saba, kwa sababu Sontonga mwenyewe alikuwa ameacha ubeti mmoja na kiitikio. Halafu 1961 sisi tukauchukua na maneno ya Kiswahili, Zambia wakachukua mahadhi hayo hayo 1964 wakaweka maneno yao, na Afrika Kusini yenyewe, nyumbani kwake, ikasubiri mpaka 1994 ndo ukawa wimbo wa taifa. Kaburi lake lilikuwa limepotea, halijulikani, lilipopatikana pale Braamfontein likatangazwa urithi wa taifa 1996. Nikifika hapa huwa nasita kidogo, mwalimu wa kwaya aliyezikwa akasahaulika na nchi tatu zinasimama wima zikisikia mahadhi yake.

Na angalia walioweka Kiswahili walivyofanya kazi, hili nawaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Kwa Kixhosa mstari wa kwanza ni Nkosi sikelel' iAfrika. Hesabu kwa vidole: nko-si-si-ke-lel-i-A-fri-ka, mizani tisa. Wa kwetu: mu-ngu-i-ba-ri-ki-A-fri-ka, tisa. Na mkazo, kwenye Kixhosa sauti inakaa kwenye "lel", mizani ya tano, kwetu inakaa kwenye "ri" ya "ibariki", mizani ya tano pia. Ndo maana ukiuimba husikii kama umevalishwa nguo ya mtu mwingine. Kuazima mahadhi kwa hiyo si njia ya mkato, kuna kazi ndani yake, maneno yakikaa vibaya mtu anaishia kukaza silabi ambayo Kiswahili hakiikazi na wimbo mzima unasikika kama mgeni anayejifunza lugha.

Kuna wanaodhani wimbo wa kisomi lazima uwe mzito kama wa kanisani, na mfano wanaotoa ni ule wa Kilatini, Gaudeamus igitur, unaopigwa kwenye mahafali huko Ulaya na sehemu nyingine. Kwa kuwa ni Kilatini watu wanadhani ni sala. Maana yake ni tufurahi basi tungali vijana, baada ya ujana mtamu na uzee wenye taabu udongo utatupokea. Ni wimbo wa wanafunzi kwenye meza za vinywaji, maneno yanayojulikana leo yalichapwa na Kindleben huko Ujerumani 1781. Mtunzi wa muziki wa Kijerumani, Brahms, alipopewa shahada ya heshima na chuo cha Breslau, 1880 akatunga muziki wa shukrani, na badala ya kitu cha kimya kimya akaufuma kwa nyimbo za wanafunzi, Gaudeamus ukiwa wa kufungia. Mila nazo si za kusimama tu mikono nyuma, Yale wakifika mstari wa mwisho wanapunga leso nyeupe, Cornell wimbo unapigwa kwa kengele za mnarani mchana. Sisi na leso hatuna shida, mwanamke wa Tanga leso anayo begani.

"Ukishaandikwa haubadilishwi." Hili nalo si kweli. Chuo cha Princeton, Marekani, walianza kupokea wasichana 1969 huku wimbo wao bado unasema vijana wa kiume, 1987 wakabadilisha. Harvard 1997 wakaondoa "wana wako" wa kiume, na 2018 wakabadilisha mstari wa mwisho uliokuwa unataja kizazi cha Wapuritani, yaani wazungu waanzilishi, wakaweka nyota za angani, kwa sababu mwanafunzi mweusi au wa Asia alikuwa anaimba kuhusu ukoo usio wake. Kwingine mabishano hayaishi, wimbo wa chuo cha Texas uliimbwa mara ya kwanza 1903 kwenye onyesho ambalo wazungu walijipaka masizi kuwaigiza weusi, 2020 wanafunzi wakataka uondolewe, chuo kikaamua ubaki, na mpaka leo wapo wasiouimba. Mi nasema dogo na wenzake waliangalie hili mapema, nani anatajwa kwenye wimbo na nani anaachwa nje.

La lugha nitalipita haraka maana halihitaji maneno mengi. Eti wa Kiingereza ndo unaonekana wa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, kikiwa tawi la chuo cha London, na kaulimbiu yake leo ni Hekima ni Uhuru, Kiswahili. Na sisi ni watu wa mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, tukiogopa kuandika Kiswahili sisi ataandika nani.

Basi tumerudi nyumbani kusahihisha, na yule bibi akaja mwenyewe kesho yake alasiri, akakaa kwenye mkeka barazani. Kwake yeye neno chuo kwanza kabisa ni chuo cha Kurani, alijifunzia kusoma huko kwa kughani, kwa hiyo mizani anaihesabu bila kujua kama anahesabu. Dogo akaimba mstari wake wa kwanza, "Chuo kikuu chetu tukipendacho." Bibi akamsimamisha. "Mjukuu wangu, pumzi inakuishia kabla mahadhi hayajashuka." Tukahesabu, mizani kumi na mbili, na mahadhi yanataka nane. Akatikisa kichwa taratibu, akapiga goti kwa kiganja, mara moja, mara mbili, akaimba kwa sauti ndogo iliyokwaruza, "Chuo chetu twakipenda."

Nane kamili. Dogo akafuta kwenye simu, akaandika upya, na bado tuna mistari saba ya ubeti wa pili kabla hajapanda basi Jumapili.