Mche mrefu kitaluni sio lazima uwe bora

Kwenye vitalu vingi vya vijiji watu wanaamini mche mrefu ndio utashika haraka ukipelekwa msituni, na inaeleweka kabisa maana macho yanaona majani tu. Ila mche uliokaa sana kwenye kiriba, yaani kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea, mizizi inagonga chini inajikunja, mingine inatoboa inaingia ardhini, siku ya kuunyanyua inakatika na mti unanyauka, inauma sana aisee. Mche wa mti wa mringaringa wa sentimita 30 hivi, shina nene, uliozoeshwa jua kidogokidogo, una nafasi nzuri zaidi. Angalia mwenyewe, chana kiriba kimoja: ukikuta mizizi myeupe imetawanyika, poa; ukikuta imezunguka kama kamba, usipande hivyohivyo, kata kwanza iliyojiviringisha.