Daktari na fundi: mkono ukiumia, nani anaendelea kulipwa?

Mimi ni daktari bingwa wa mifupa. Wazazi wenye kijana aliyemaliza kidato cha nne huniuliza mara kwa mara: kati ya daktari na fundi mzuri, nani anapata zaidi? Kulijibu swali hilo kwa kutaja mshahara tu ni kumpotosha mtu.

Kazi zenyewe ni ndugu. Nikiunga mfupa wa mkono kwa bamba la chuma, natoboa tundu la milimita 2.5 ili skrubu ya milimita 3.5 ing'ate. Kisha napima kina cha tundu kabla ya kuchagua skrubu: ikizidi urefu itachoma kano upande wa pili, ikipungua haishiki. Seremala yeyote ananielewa hapa.

Kwa upande wa muda, fundi anatangulia. Udaktari ni miaka 5, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, halafu ubingwa. Ukianza kazi, kama ulisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo ya wanafunzi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kijana aliyepitia VETA, chuo cha ufundi stadi, wakati huo ameshanunua vifaa na ana wateja wake. Fedha anayoishika mapema ni haki yake.

Kinachoniuma ni siku ya ajali. Nilimpokea seremala mmoja, mtu wa makamo, msumeno wa mashine umemkata kano za vidole viwili vya mkono wa kulia. Tulizishona usiku uleule. Asubuhi hakuuliza habari ya maumivu. "Mwanangu daktari, nitashika randa lini?" Nikamwambia, mzee wangu, wiki 6 za kifaa cha kushikilia mkono pamoja na mazoezi, na kazi nzito baada ya wiki 12. Alinyamaza, akaanza kuhesabu kodi ya fremu.

Mkono huo ungekuwa wangu, hesabu ingekuwa nyingine. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao unachangiwa na mwajiri. Fundi anayejiajiri hana mwajiri wa kumchangia.

Kwa hiyo fundi akikutajia bei, ndani yake mna blade, umeme, siku asizopata kazi, na siku atakayoumia. Ukiipunguza hadi abaki na nauli tu, umekata hiyo akiba ya kuumia.

Yule mzee alirudi kliniki wiki ya 12. Nikampa vidole vyangu aviminye. Akaviminya kwa nguvu, kidole chake cha pete tu ndicho kilichobaki nyuma kidogo. Nikamruhusu kurudi kazini. Akaniambia mashine ya randa ameshaiuza mwezi uliopita.