Kwa nini mkono uleule unaotetemeka unaweza kuandikiwa namba tano tofauti?

Chukua mkono mmoja unaotetemeka. Kwenye faili la mgonjwa unaweza kuandikwa G20, G25.0, G25.1, R25.1 au F44.4, ambazo ni namba za ICD, yaani orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, na kila moja ya namba hizo ikawa sahihi kwa mgonjwa wake. Je, wajua kwa nini? Ni kwa sababu namba hizi hufuata kinachoutetemesha mkono, na mikono inayofanana kwa macho inaweza kuwa na vyanzo visivyohusiana kabisa.

G20 ni ugonjwa wa Parkinson, ambapo seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mijongeo, ndani ya ubongo hufa kidogokidogo. G25.0 ni mtetemeko unaozidi mtu anapoinua kikombe au kushika kalamu, na mara nyingi huwa ndani ya ukoo. G25.1 huandikwa pale dawa inapohusika: salbutamoli ya pumu na valproeti ya kifafa ni kati ya dawa zinazoweza kutetemesha mikono, na kanuni zinaruhusu kuongeza namba nyingine ya kuitaja dawa yenyewe. R25.1 maana yake mkono unatetemeka na bado hatujajua kwa nini. Wapo wanaoiona R kama uvivu wa daktari. Kwa maoni yangu, mara nyingi ndiyo namba ya kweli kuliko zote siku ya kwanza.

Mfumo wenyewe haukuanza kwa ajili ya wagonjwa walio hai. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya vyanzo vya vifo, ili nchi ziweze kulinganisha takwimu zao. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa toleo la sita mwaka 1948, orodha ikapanuliwa ihesabu na magonjwa yasiyoua. Toleo la kumi, linaloitwa ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990, na ndilo lililoleta herufi mwanzoni mwa kila namba. G ni magonjwa ya mfumo wa fahamu, F ni ya akili na tabia, R ni dalili ambazo hazijapata mwenyewe.

Sasa tufike kwenye F44.4, maana hapo ndipo penye mzozo. Hii ndiyo namba ya matatizo ya mijongeo ya kiutendaji: mkono unatetemeka, mguu unalegea au mwendo unapinda, lakini hakuna seli zilizokufa wala mshipa uliokatika. Kasoro iko katika namna ubongo unavyoendesha mwili. Watu wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya, hudhani daktari huandika hivyo baada ya vipimo vyote kurudi safi na yeye kuishiwa la kusema. Utambuzi mzuri hauendi hivyo. Unatafuta ishara zenyewe, kitandani, kwa mikono mitupu.

Ishara moja ilielezwa na daktari Mmarekani, Charles Franklin Hoover, mwaka 1908, na inatumika mpaka leo. Mgonjwa amelala chali, mguu wa kushoto hauna nguvu. Daktari anaweka kiganja chini ya kisigino hicho na kumwambia, “Kandamiza chini.” Hakuna kitu. Kisha anamwambia aunyanyue mguu wa kulia, ule mzima, huku yeye akiuzuia kwa mkono wake mwingine. Ghafla kile kisigino cha kushoto kinakandamiza kiganja kwa nguvu. Njia ya kutoka ubongoni hadi kwenye msuli ni nzima. Inagoma tu pale mtu anapoukusudia mguu wenyewe.

Kwa mtetemeko, mgonjwa huombwa agonge kidole gumba na cha shahada kwa mkono mzima, akifuata mapigo ambayo daktari anayabadilisha. Mtetemeko wa kiutendaji husimama, au huacha mapigo yake na kufuata yale mapya. Mtetemeko wa Parkinson, ambao kwa kawaida huwa wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, huendelea na mapigo yake, na ukimwambia mgonjwa ahesabu kurudi nyuma unaweza hata kuongezeka.

Basi si anaigiza? Hapana, na hili mfumo wenyewe unalikata: anayejifanya mgonjwa kwa makusudi ana namba yake, Z76.5, na anayejitengenezea dalili ili ahudumiwe kama mgonjwa ana F68.1. F44.4 haina makusudi ndani yake.

Kwa nini basi iko kwenye F, wakati anayekutana nayo kwanza mara nyingi ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu? Hapo tunalipa deni la karne ya 19. Charcot, daktari wa mfumo wa fahamu kule Paris, aliamini tatizo liko kwenye mfumo wa fahamu. Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, akaja na maelezo kwamba dhiki ya moyoni hugeuka kuwa dalili ya mwili, na maelezo hayo ndiyo yaliyoshinda. Miongozo ya ICD-10 ikamtaka daktari aoneshe chanzo cha kisaikolojia, jambo ambalo kwa wagonjwa wengi halipo au halithibitishiki. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliondoa sharti hilo mwaka 2013 na kutaka ishara kama ile ya Hoover.

Herufi hiyo moja ina uzito. Inaweza kuamua mgonjwa apelekwe kliniki gani, na penye bima inayotenganisha magonjwa ya akili na mengine, inaweza kuamua nini kitalipwa. Pia ndiyo kitu cha kwanza atakachosoma daktari anayefuata. Kwa hiyo wapo wanaoikwepa F na kuandika R25.1 ingawa utambuzi wanao. Nawaelewa, lakini matokeo yake ni kwamba kwenye takwimu ugonjwa unaonekana mchache kuliko ulivyo.

ICD-11 ilipitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Humo tatizo hili ni 6B60, na limepasuliwa vizuri zaidi: udhaifu wa viungo ni 6B60.6, mwendo ni 6B60.7, na mijongeo mingine ni 6B60.8, ambayo nayo inatenga mtetemeko, distonia (misuli kujikaza na kupinda kiungo) na mingineyo. Makao yake bado ni sura ya magonjwa ya akili, ila sasa linaonekana pia katika sura ya mfumo wa fahamu, kwa sababu toleo hili linaruhusu ugonjwa mmoja kuwa na wazazi wawili. Ugonjwa wa Tourette, wa mijongeo na sauti za ghafla zinazojirudia, umehama kinyume chake: ulikuwa F95.2, sasa ni 8A05.00, chini ya mfumo wa fahamu.

Marekani, inayotumia toleo lake la ICD-10, imefanya upasuaji mwingine. Tangu Oktoba 2023, G20 tupu haitoshi huko. Lazima mwandikaji aseme kama mgonjwa wa Parkinson ana mijongeo asiyoitaka, na kama nguvu ya dawa inapanda na kushuka.

Kuna wagonjwa pia wenye vyote viwili, Parkinson halisi na mtetemeko wa kiutendaji juu yake. Hao huandikiwa namba zote mbili, na inayotangulia ni ile iliyochukua huduma ya safari hiyo. Akija kurekebishiwa kipimo cha levodopa, dawa ya Parkinson, G20 inakaa mbele. Akija wiki nyingine kwa mtaalamu wa fiziotherapia kufundishwa kuutuliza ule mtetemeko mwingine, F44.4 ndiyo inayotangulia.