Wiki ya Rubani Haina Jumatatu

Hesabu yenyewe ni rahisi, ndiyo maana inapendwa. Sheria za Marekani na za Ulaya zinamkataza rubani wa ndege za abiria kuzidisha saa 1,000 za kuruka kwa mwaka. Gawa kwa wiki 52, unapata saa 19 na ushee. Basi mtu anahitimisha kwamba hawa jamaa wanafanya kazi siku mbili na nusu kwa wiki, siku zilizobaki wako ufukweni. Hesabu haina kosa. Kosa liko kwenye kile kinachohesabiwa. Tuanze na dhana hiyo, kisha tupime nyingine zinazosemwa kuhusu marubani.

“Rubani hufanya kazi saa 20 kwa wiki”

Saa ya kuruka huanza ndege inapotoka pale ilipoegeshwa, na hukoma inapoegeshwa tena. Yanayofanyika kabla, katikati na baada ya hapo ni zamu, lakini hayaingii katika zile saa 1,000.

Tumfuate rubani msaidizi mmoja wa safari fupi fupi. Simu inamwamsha saa 9 usiku. Saa 11 alfajiri ameripoti. Yeye na kapteni wanapitia hali ya hewa ya kila kiwanja watakachotua na cha akiba endapo hapatatulika, matangazo ya njia zilizofungwa na taa zisizowaka, na hitilafu ndogo ambazo ndege imeruhusiwa kuruka nazo. Wanakubaliana kiasi cha mafuta. Kisha anavaa kizibao kinachong’aa, anachukua tochi na kuizunguka ndege gizani: matairi, vimrija vinavyopima mwendo wa hewa, kingo za mabawa, dalili za kuvuja. Saa 12 kamili ndege inaondoka. Ana safari nne, kila moja ya saa 1 na dakika 10, na baina yake dakika 45 za kushusha abiria, kupakia wengine, kujaza mafuta na kuingiza njia mpya kwenye kompyuta. Chakula analia pale pale, trei magotini, huku mtu wa mizigo amesimama mlangoni akisubiri saini. Anafunga zamu saa 7 na dakika 25 mchana. Amekuwa kazini saa 8 na dakika 25. Kwenye kitabu chake cha kumbukumbu anaandika saa 4 na dakika 40.

Na hiyo ni siku iliyokwenda vizuri. Ukungu ukitanda kwenye kiwanja cha pili, zamu inarefuka lakini saa za kuruka zinabaki zile zile. Ndiyo sababu sheria ina kikomo kingine, ambacho wapiga hesabu hawakitaji kamwe. Ulaya, zamu hazitakiwi kuzidi saa 60 ndani ya siku 7, wala saa 190 ndani ya siku 28. Marekani inatumia tarakimu hizo hizo kwa zamu zenye kuruka. Gawa 190 kwa wiki nne uone kama bado unamwonea wivu.

Malipo nayo yana vituko vyake. Katika mashirika mengi, hasa ya Marekani, rubani hulipwa kwa saa ya kuruka. Fundi akichukua saa mbili kubadilisha kifaa kabla ya kuondoka, abiria wananung’unika ukumbini, rubani anahangaika na makaratasi, na mita ya mshahara haijaanza kusoma. Kuna kima cha chini cha saa za kulipwa kila mwezi kinachomkinga asiambulie patupu, lakini ukisikia kiwango cha malipo ya saa moja, usikizidishe kwa saa arobaini za wiki ya kazi.

“Ana siku nyingi za mapumziko”

Anazo, kwa kuhesabu siku. Rubani anaweza kuwa na siku 12 au zaidi bila zamu katika mwezi. Ila hazikai Jumamosi na Jumapili. Ratiba inaweza kumpa kazi siku nne mfululizo, kisha mapumziko Jumanne na Jumatano, wakati watoto wako shule na rafiki zake wako kazini. Katika zile siku nne hakurudi nyumbani jioni. Alilala hoteli tatu tofauti.

Halafu kuna zamu ya akiba. Rubani hana safari yoyote, ila simu iko karibu na sanduku limefungwa, kwa kuwa mwenzake akiugua yeye ndiye anayeitwa. Anaweza kukaa siku nzima bila simu kulia. Jirani akimwona anamwagilia bustani saa 4 asubuhi anasema, “Leo umepumzika.” Hajapumzika, hawezi hata kwenda mbali na mji.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye ratiba: marubani wengi hawaishi karibu na kituo chao cha kazi. Husafiri kama abiria hadi pale zamu inapoanzia, na muda huo ni wao wenyewe, haumo katika saa za kazi. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walieleza kwamba chanzo kilikuwa jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Lakini walipofuatilia usiku uliotangulia, walikuta kapteni alilala kwenye chumba cha wafanyakazi wa ndege uwanjani Newark, safari ilikoanzia, na rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis ili awahi zamu. Walisema uchovu yaelekea uliwapunguzia uwezo, ingawa kwa kiasi gani haikupimika. Ajali hiyo ilisukuma Marekani kuandika upya kanuni za kazi na mapumziko ya marubani, zilizoanza kutumika Januari 2014.

“Wanalipwa kutalii”

Wapo wanaopata siku mbili katika mji wa mbali, hasa wa safari ndefu, na wanazifurahia. Kwa wengine mji wa ugenini ni dirisha la hoteli tu. Kima cha chini cha mapumziko ugenini Marekani na Ulaya ni saa 10, na ndani yake lazima ipatikane nafasi ya kulala saa 8. Toa basi la kwenda hotelini na la kurudi, toa kuoga na kula: hapo utalii utauweka wapi? Pengine wanafika saa 3 asubuhi na wanatakiwa walale mchana, mapazia yamefungwa, mhudumu wa usafi anabisha hodi. Mwili una saa zake. Wataalamu wa uchovu wanautaja muda wa kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri kuwa ndipo mwili uko chini kabisa, na kanuni hubana zamu zinazoangukia humo. Marekani, marubani wawili wanaoripoti mchana wanaweza kuruka kwa muda usiozidi saa 9. Wakiripoti usiku mkubwa, muda huo hauzidi saa 8.

“Angani wanalala, mashine inaendesha”

Dhana hii ina punje ya ukweli, ndiyo maana haifi. Kati ya Singapore na New York kuna safari inayozidi saa 18. Hakuna wawili wanaoweza kuimaliza, hivyo hupanda marubani wanne, na wasiokuwa zamu hulala kwenye vitanda nyuma ya mlango uliofungwa. Huo ni usingizi uliopangwa.

Kulala kitini ni jambo jingine. NASA walichapisha utafiti mwaka 1994 ambapo marubani wa safari ndefu walipewa dakika 40 za kupumzika kitini kwa zamu, mwenzao akiendesha. Walilala wastani wa dakika 26, na baadaye walikuwa macho zaidi kuliko wale ambao hawakupewa nafasi hiyo. Ulaya na Kanada huruhusu usingizi huo kwa masharti. Marekani, nchi ya utafiti wenyewe, bado inakataa. Kwangu mimi, afadhali usingizi ulioombwa kuliko ule unaomvamia mtu bila taarifa.

Mashine inaendesha kweli sehemu kubwa ya safari, kwa kufuata inachoambiwa. Kupaa hufanywa kwa mkono, na kutua kwingi pia.

“Kila rubani ana mwenzake wa kudumu”

La hasha. Katika shirika kubwa, kapteni na msaidizi wake wanaweza kupeana mikono kwa mara ya kwanza saa moja kabla ya kuruka, na wasikutane tena mwaka mzima. Wanafanikiwa kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake atasema nini katika hatua gani, neno kwa neno. Mazoea hayo hunolewa kwenye simyuleta, yaani mashine ya mafunzo inayoiga ndege, kwa kawaida kila miezi sita, ambako injini huwaka moto mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu kujichagulia safari: kila mtu huomba, wakongwe huchagua kwanza. Mgeni hupata kilichobaki, yaani sikukuu na alfajiri.

“Akichoka, hana la kufanya”

Analo, na ni wajibu. Kanuni za Marekani zinamtaka kila rubani athibitishe kabla ya kila safari kwamba yuko sawa kuruka. Kila safari, si kila siku. Kwa hiyo yule msaidizi wetu aliyeamka saa 9 usiku anathibitisha mara nne, na mara ya nne ni karibu saa 6 mchana, abiria wamekwishakaa, kapteni anamtazama. Akisema “siwezi”, anatafutwa mtu wa akiba. Simu inalia pale bustanini.