Acheni kuniletea difu za Hilux

Jumatatu nimefika gereji saa moja asubuhi, nikakuta Hiace nyeupe imepaki langoni na mwenyewe kakaa kwenye ngazi ya mlango. Kijana anayepeleka wageni Ziwa Natron. "Shikamoo fundi." Marahaba. Akafungua mlango wa nyuma, akavuta gunia. Ndani kulikuwa na difu ya mbele ya Hilux, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili, bado ina matope ya gari ilikotolewa. "Kifaa nimeshanunua, fundi. Wewe nifungie tu iwe fowili." Yaani 4WD, tairi zote nne zivute.

Huyo ni wa nne tangu masika yaanze. Wote wana maelezo yaleyale: Toyota wangeweza kutengeneza Hiace zote 4WD ila wanabana makusudi ili tununue Land Cruiser, na madalali wa yadi wanaficha zile chache zilizopo ili bei ipande. Kwa hiyo dawa ni kununua difu ya mtumba na kutafuta fundi. Nimelieleza hili kwa mtu mmoja mmoja chini ya gari mpaka nimechoka.

Nilimtandikia kijana boksi, nikampa tochi, tukalala wote chini ya Hiace yake. Nikamwambia amulike mahali anapotaka difu ikae. Akakuta sampo ya injini, lile bakuli la oili. Kwenye 2WD, inayovutwa na tairi mbili tu, sampo imeshuka hapo kwa sababu hakuna kingine kilichotakiwa kupita. Ile ya 4WD ya kiwandani inazaliwa na sampo ya umbo lingine na krosmemba nyingine, yaani boriti inayokatiza chini ya injini, ili difu ipate nyumba. Nikamwambia amulike gurudumu la mbele kwa ndani, kile chuma kinachobeba haba, kitovu cha gurudumu. Ni chuma kizima, hakina tundu. Shafti ya kuzungusha tairi itapita wapi? Kisha tukasogea kwenye giaboksi. Ina mdomo mmoja, unaoelekea nyuma. Ya 4WD ina transfa, inayogawa nguvu mbele na nyuma, na giaboksi yenye transfa ni giaboksi nyingine kabisa.

Hapo akasema, "Basi tutafute na hivyo." Sawa, tuseme umevipata vyote. Sasa hesabu meno ya difu, maana hapa ndipo wajanja wengi wanapoua magari. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Chukua ya nyuma yenye meno 41 kwa 10 na ya mbele yenye 43 kwa 11. Kwa macho zinafanana. Lakini ili tairi izunguke mara moja, propela ya nyuma (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) inazunguka mara 4.1, ya mbele mara 3.9 na kidogo. Zote mbili zimefungwa kwenye transfa moja, kwa hiyo kila mzunguko zinavutana. Kwenye matope hutajua, kwa sababu tairi zinateleza na kumaliza ugomvi. Ingia lami ukiwa umefunga 4WD, nguvu hiyo haina pa kutokea, na kitakachokubali kuvunjika ni chuma dhaifu kuliko vyote. Mtu anakuja kwangu na transfa iliyopasuka anasema amerogwa.

Kuhusu uchache wa gari zenyewe, hakuna aliyeficha kitu. Hiace imetengenezwa kubeba. Mnunuzi wake duniani kote anataka sakafu ya chini iliyonyooka, kilo nyingi na mafuta kidogo. 4WD inakula vyote vitatu: unaongeza propela ya pili, difu ya pili, transfa na shafti mbili, uzito huo unatoka kwenye mzigo wako, na kila siku unauzungusha hata kama barabara ni kavu. Mwenye daladala anayehesabu faida kwa tripu hawezi kuilipia. Kiwanda nacho kinahesabu hivyohivyo. Ile Hiace yenye pua iliyozinduliwa Ufilipino mwaka 2019 kwa ajili ya masoko ya nje haina 4WD. Ulaya kampuni kubwa mara nyingi zimeitoa kazi hiyo nje: Volkswagen Syncro ya miaka ya 1980 iliunganishwa Graz, Austria, kwa Steyr-Daimler-Puch, na Peugeot na Citroën nyingi za 4WD zimepitia kwa Dangel wa Ufaransa.

Wajapani wanazitengeneza kwa soko la kwao, kwa sababu moja: theluji. Hokkaido na Tohoku mtu anahitaji gari ya kazi iondoke mbele ya nyumba asubuhi barabara ikiwa barafu. Hawakuwa wanafikiria udongo mweusi wa Simanjiro. Ukilielewa hilo, mengine yote yanakaa mahali pake.

La kwanza ni kutu. Kule barabara za baridi zinamwagiwa chumvi, na gari nyingi za 4WD zimetoka hukohuko. Picha za mnadani zinaonyesha rangi inang'aa na viti safi. Omba picha ya uvungu. Mwaka jana nilipokea moja ambayo bodi ilikuwa kama mpya, nikagonga boriti ya nyuma kwa bisibisi, bisibisi ikaingia. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni yangu na risiti ya bandari mkononi.

La pili, 4WD ya Hiace hii tunayoijua, ile iliyoanza 2004, haina gia nzito, ile ya kwenda polepole kwa nguvu nyingi. Hakuna 4L. Kati ya mbele na nyuma kuna viskasi kaplingi: sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Upande mmoja ukizunguka haraka kuliko mwingine, mafuta yanapata moto, yanakaza, nguvu inahamia kwenye tairi zisizoteleza. Kwa theluji ni kifaa kizuri sana. Kwa kupanda korongo lenye mawe umebeba watu kumi, hapana. Vani zenye gia nzito kweli ni kama Delica za zamani za Mitsubishi, zilizojengwa kwa vifaa vya Pajero, na Delica ya mwisho ya namna hiyo, Space Gear, huko Japani iliisha 2007. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo huko mlango umefungwa. Kwetu Tanzania inaingia, ila utalipa kodi ya uchakavu.

Na hiyo kaplingi ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu tunaiua sisi wenyewe kwa tairi. Mtu ananunua mbili mpya, anafunga nyuma, mbele anaacha zilizolika. Tairi iliyolika ni ndogo, inazunguka zaidi. Kaplingi haijui kwamba umebana hela. Yenyewe inaona upande mmoja unateleza, inakaza, kutoka Arusha mpaka Dodoma bila kupumzika. Baada ya hapo inashika moja kwa moja au inakufa kimya. Badilisha zote nne, saizi moja, chapa moja. Na ukivutwa na breakdown usikubali inyanyuliwe magurudumu mawili tu.

Ikiwa imekufa kimya, kuijua ni kazi. Mimi nakata stelingi mpaka mwisho kwenye sakafu kavu, naiachia itembee polepole. Ikiwa nzito sana imeshika, ikiwa nyepesi kabisa nina wasiwasi. Naweka jeki tairi za upande mmoja nasikiliza. Lakini kaplingi ya baridi na ya moto si kitu kimoja, na kuna gari niliipitisha ikiwa nzuri, wiki tatu baadaye ikakwama Engaresero, kule Natron, ikizungusha nyuma tu. Sina kipimo ninachokiamini kwa asilimia mia.

Kuzitambua ni rahisi, na hapa dalali hawezi kukudanganya ukisoma chesi namba. Stika ya 4WD hubandikwa na yeyote. KDH201 ni 2WD, KDH206 ni 4WD. TRH214 ni 2WD, TRH219 ni 4WD. Noah vivyo hivyo: SR40 na SR50, AZR60 na AZR65, ZRR70 na ZRR75, ndogo ni 2WD na kubwa ni 4WD. Ukitumiwa picha ya kibati cha chesi, soma namba hiyo kabla ya kusoma bei.

Kuna jambo sijalimaliza hata ndani ya kichwa changu: ni wangapi wanaihitaji kweli. Noah za 2WD zinapeleka watu vijijini mwaka mzima. Uvungu wa Hiace ya 4WD bado ni uvungu wa Hiace, na sasa una difu ya kugonga mawe. Tairi nzuri za matope na dereva anayeshuka kutazama kabla ya kuingia vimetoa magari mengi kuliko nilivyoona viskasi ikitoa. Halafu mvua inanyesha siku tatu mfululizo, napigiwa simu na mwenye 2WD aliyelala na wageni njiani, na mwenye KDH206 amepita palepale. Siwezi kumwambia huyo kwamba hakuihitaji.

Kijana wa Natron tumekubaliana tairi nne na bamba la kulinda sampo, na namtafutia 206 taratibu. Tumeshazikataa mbili kwa kutu. Difu yake nimempatia mnunuzi, mzee wa Monduli ambaye Hilux yake imevunja pinioni, gia ndogo ya ndani ya difu. Anakuja kuichukua Alhamisi, meno nimeshayahesabu.