Tzintzuntzan haikuwahi kuwa ya Waazteki

Nimekutana nayo tena wiki hii, kwenye slaidi za mwalimu mwenzangu: eti kabla ya Wahispania, Mexico yote ilikuwa chini ya Waazteki. Jamani, hapana. Mimi nafundisha historia ya Amerika ya kale na hili limenichosha.

Chukua Tzintzuntzan, mji mdogo kando ya ziwa Pátzcuaro, jimbo la Michoacán. Juu kidogo ya mji kuna yácata 5, yaani majukwaa ya mawe ya mahekalu, zimejipanga mstari mmoja kwenye jukwaa lenye urefu wa zaidi ya mita 400, na huo ndio uliokuwa mji mkuu wa cazonci, mfalme wa Wapurepecha. Axayacatl, aliyewatawala Waazteki 1469 hadi 1481, alituma jeshi hapa Michoacán likachakazwa vibaya sana. Hakuna kodi iliyotoka hapa kwenda Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, kilichokuwepo ni mpaka wenye ngome.

Sasa kuna wanaojua hilo halafu wanakimbilia kusema "walishinda kwa sababu ya silaha za shaba", na hapo ndipo naomba twende taratibu. Ni kweli walikuwa mafundi hodari, walichanganya shaba na bati, lakini angalia vitu vyenyewe vilivyochimbuliwa: njuga, sindano, shoka, vibanio ambavyo makuhani walivaa shingoni. Vitani ni pinde na marungu kama wenzao. Mimi naona kilichowabeba ni utawala, yaani cazonci aliteua watu wake mikoani, na wakimbizi Waotomi na Wamatlatzinca akawapa ardhi mpakani ili nao wamlindie huo mpaka, mpango wa akili kweli.

Ila niseme wazi, mengi ya haya tunayapata kwenye Relación de Michoacán, iliyoandikwa karibu 1540 na padri Mfransisko akisimuliwa na wazee wa upande wa ukoo wa kifalme. Ni historia ya ukoo ulioshinda. Sehemu ya kwanza, ile ya dini, imepotea karibu yote. Kwa hiyo mtu akikueleza imani zao kwa uhakika mkubwa, muulize kazitoa wapi.

Yaliyofuata yanajulikana. Waazteki waliomba msaada dhidi ya Wahispania wakanyimwa, 1522 akaja kamanda wa Kihispania Cristóbal de Olid na cazonci Tangáxuan akasalimu amri bila vita, 1530 Mhispania mwingine, Nuño de Guzmán, akamuua cazonci huyo. Mawe ya yácata yakajenga nyumba ya watawa. Askofu Vasco de Quiroga akahamishia makao yake Pátzcuaro, Tzintzuntzan ikabaki kijiji, na tafadhali msiseme yeye ndiye aliyewafundisha ufundi, wakati ufinyanzi na kazi ya shaba aliwakuta nazo!

Miaka ya 1940 mwanaanthropolojia George Foster alipoanza utafiti pale, wengi mjini walishakuwa wanaongea Kihispania, na baadaye wanaume wengi wakaenda Marekani kufanya vibarua mashambani. Lakini Kipurepecha chenyewe bado kina wasemaji zaidi ya laki moja Michoacán, na hakina undugu wowote na Kinahuatl cha Waazteki.