Jike Mwenye Sura Nyingi: Kipepeo Papilio dardanus

Dume la Papilio dardanus halimsumbui mtu. Mabawa yake ni ya manjano iliyopauka yenye kingo nyeusi, na kila bawa la nyuma lina mkia. Utamwona kandokando ya misitu katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Kazi iko kwa jike. Huyu kwa kawaida hana mkia wala hiyo manjano, na majike wawili wa mama mmoja wanaweza kutofautiana hadi ukadhani ni spishi mbili. Wataalamu wa zamani walidhani hivyohivyo, mpaka Roland Trimen, aliyekuwa akifanya utafiti Afrika Kusini, alipoeleza mwaka 1869 kwamba wote ni wa spishi moja.

Sura nyingi kati ya hizo ni za kuiga. Jike wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye mabaka meupe humwiga kipepeo mwingine, Danaus chrysippus, ambaye viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe na kuhifadhi sumu yake mwilini. Jike mweusi na mweupe humwiga Amauris niavius, kipepeo mwingine mwenye sumu. Ndege akishaonja uchungu wa mwenye sumu, humwacha na mwigaji, ingawa mwigaji huyo analika vizuri kabisa.

Ujanja huu una mpaka. Waigaji wa sura moja wakizidi, ndege watazoea kuwapata watamu na woga utaisha. Ndiyo maana kuwa na sura adimu ni faida, na sura nyingi hudumu pamoja. Sehemu moja tu ya kromosomu, penye jeni iitwayo engrailed, ndiyo huamua jike atoke na sura ipi. Madagaska na Ngazija, hata hivyo, majike hufanana na madume, mikia na yote.

Mayai hutagwa mojamoja kwenye majani ya mimea ya jamii ya michungwa. Kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa kiungo laini chenye panda, kama ulimi wa nyoka, kinachotoa harufu kali.

Ukitaka kumtambua mwigaji aliyetua, usihangaike na rangi. Hesabu miguu: Danaus na Amauris husimama kwa minne, kwa kuwa ile ya mbele imedumaa; jike wa dardanus husimama kwa yote sita.